Namba 3116 Asitoke Nje

Janine Pollard alikutwa saa tisa kasoro dakika kumi alasiri, Jumamosi ya mwisho ya Agosti mwaka 2009, ghorofa ya pili ya hoteli moja mjini Little Rock. Chumba chenyewe watu wa kipindi cha televisheni kilichorekodiwa humo walikiita Chumba cha Machozi. Alikuwa amelala kifudifudi kati ya kiti na kamera, damu inamtoka nyuma ya kichwa, na nguzo ya taa aliyopigwa nayo ipo chini karibu na mkono wake. Pochi yake ilikuwa imemwagwa yote sakafuni.

Aliyemkuta alikuwa Verna Tidwell, mama wa nguo wa kipindi, aliyefuata kopo lake la pini. Verna hakupiga mayowe. Alipiga magoti kwa shida, akamwekea yule binti vidole viwili shingoni, akahisi mapigo. Ndipo akatoa kichwa nje ya mlango.

"Royce! Acha kutafuna hizo karanga, ita gari la wagonjwa!"

Royce, mlinzi wa korido, aliita. Janine akabebwa yu hai lakini hajitambui. Saa tisa na robo akafika Sajini Odell Crain wa polisi wa mji, mtu mrefu, mpole wa maneno, mwenye daftari dogo lililokunjamana. Amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba asiondoke mtu.

Kusema kweli amri hiyo ilichelewa. Koo la Dhahabu, shindano la kuimba ambalo nusu ya nchi ililiangalia ikiwa na sahani ya chakula cha jioni mapajani, lilikuwa limeshawafungia watu humo tangu saa moja asubuhi. Simu zao zilichukuliwa mlangoni. Madirisha yalizibwa kwa vitambaa vyeusi ili mwanga wa nje usigombane na taa. Kiyoyozi kilizimwa kwa sababu muungurumo wake ungeingia kwenye vipaza sauti, na Agosti ya Arkansas haimwonei mtu huruma. Kila mshiriki alikuwa ametia sahihi karatasi kumi na nane kwamba hatamwambia mtu, hata mama mzazi, kama amepita ama amekataliwa, mpaka kipindi kionyeshwe Januari. Na njia ya kutokea waliyoruhusiwa washiriki ilikuwa moja tu, mlango mkubwa wa mbele, ambako familia zilisubiri pamoja na kamera.

"Nani alikuwa na ugomvi na huyu binti?" Crain aliuliza.

Hajamaliza swali, jibu likaja. Lilitoka kwa Brent Lasker, prodyuza, mwanamume wa miaka hamsini na kitu mwenye nywele nyeusi tii kama kiatu kilichotoka kupigwa rangi. Alikuwa amevaa koti katika joto lile, akijifuta shingo kwa leso kila dakika.

"Coy Pruett. Namba 3116. Majaji walimkataa saa nane na dakika kumi. Kazi ya Janine ni kuwahoji waliokataliwa kabla machozi hayajakauka. Jamaa akamwambia atajuta, na kamera inasikia. Kanda ninayo."

"Yuko wapi sasa?"

"Tunamtafuta. Hajatoka nje. Nilishawaambia walinzi wa chini namba 3116 asitoke nje mpaka tumpige picha na familia yake."

Walimpata saa tisa na nusu, amekaa kwenye ngazi za nyuma, kofia nyeupe magotini. Alikuwa na nywele nyekundu, mikono iliyojaa mikwaruzo ya kucha za kuku, na umri wa miaka ishirini na minane, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa kuingia shindano. Shati lake la kijani lilikuwa na maua meupe yaliyodariziwa mabegani. Asubuhi Verna mwenyewe alimbandika namba juu ya mfuko wa kushoto ili kuziba alama ya pasi, maana mke wake aliliunguza akiharakisha. Sasa kibandiko kilikuwa kinabanduka pembeni kwa jasho.

Crain alimhoji kwenye chumba cha nguo, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa kitupu. Verna alibaki humo akikunja soksi, na hakuna aliyemwambia aondoke. Watu walikuwa wamezoea kutomwona.

"Ulimwambia Janine atajuta?"

"Nilimwambia, afande."

"Kwa nini?"

"Aliniuliza nitamwambia nini mama yangu. Nikajibu. Akasema nirudie, kamera haikukaa vizuri. Nikarudia. Akasema tena nirudie. Mara ya tatu akaacha maswali, akaniambia samahani, machozi yamemjaa. Hapo ndipo nikamwambia utajuta. Wewe ungemwambia nini?"

"Saa ngapi ulitoka humo?"

"Saa nane na dakika ishirini hivi."

"Ukaenda wapi?"

"Kwenye ngazi."

"Saa nzima na zaidi? Unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Ndiyo maana nilikaa huko." Coy alizungusha kofia mikononi. "Afande, mlango ni mmoja. Hapo nje yupo mama yangu na maputo, yupo Darla wangu na mimba ya miezi minane, ipo kwaya nzima ya kanisa. Janine aliniambia watu wa kipindi waliwaambia nimeshapita. Hebu niambie, ningetokea wapi?"

Crain aliandika. Kwenye daftari lake maneno "hakuna aliyemwona" yalipigiwa mstari, na Coy aliuona ule mstari.

"Mtanipeleka jela?"

"Binti akifa itakuwa kuua. Asipokufa, kujaribu kuua."

"Mtoto anazaliwa Septemba," Coy alisema.

Kumtendea haki Sajini Crain, hakumshika wa kwanza akalala. Aliulizia ugomvi mwingine, akaupata. Misty Vance, msichana wa miaka kumi na tisa aliyepita siku hiyo, alikuwa amegombana na Janine chooni saa sita mchana mpaka vioo vikatikisika.

"Walitaka niseme baba amekufa!" Misty alisema, wanja umemshuka mpaka kidevuni. "Baba yuko hai! Yuko nje anakula soseji!"

"Na wewe ukamfanya nini Janine?"

"Nikamrushia sabuni. Akasema hata yeye hapendi, ila kaagizwa na Brent."

"Saa nane na dakika thelathini na tano ulikuwa wapi?"

"Mlangoni mwa ukumbi, nasubiri kuitwa."

"Ni kweli," Verna alisema kutoka kwenye soksi zake. "Zipu yake ilikatika. Nilikuwa na sindano mgongoni mwake kuanzia saa nane na nusu mpaka alipoitwa, saa tisa kasoro robo. Majaji wote watatu walikuwa wanatuona. Angesogea ningemchoma."

Crain alimgeukia kama mtu aliyegundua kuna kiti chumbani. "Na wewe ni nani hasa, mama?"

"Mimi ndiye ninayehakikisha watu wanafanana na wenyewe."

Akaeleza. Washiriki huimba mara mbili. Mara ya kwanza Juni, mbele ya wafanyakazi wadogo, na mara ya pili Agosti, mbele ya majaji. Kwenye televisheni picha hizo huunganishwa zionekane za siku moja, kwa hiyo mtu lazima arudi na nguo zilezile, kofia ileile, hereni zilezile. Verna huwapiga picha Juni, huzitia kwenye kitabu chake, na Agosti hukagua kila kifungo. Nguo za akiba hukaa kwenye sanduku la chuma lililokuwa pale pembeni.

"Basi wewe ndiye ninayekuhitaji," Crain alisema. "Twende ukanitambulie shati."

Muda huo, saa nane na dakika thelathini na tano, haukuokotwa hewani. Royce aliapa kwamba ndipo alipoona mgongo wa mtu mwenye shati la kijani na kofia nyeupe akitoka Chumba cha Machozi na kuishia kona ya korido. Kamera ya hoteli, iliyo darini, ilisema hivyohivyo. Verna, Crain na Brent waliinama mbele ya kioo kidogo cha kamera hiyo katika chumba cha walinzi. Mtu alitoka mlangoni, akaijia kamera uso umeinamishwa. Ukingo wa kofia ulimficha mpaka kidevu. Mabegani maua meupe. Juu ya mfuko wa kulia, kibandiko, 3116.

"Irudishe," Verna alisema.

Wakairudisha.

"Tena."

"Verna, mama yangu," Brent alisema, "hiyo siyo filamu ya mapenzi. Ni nguo zake ama siyo?"

"Ni nguo za namna ileile," Verna alisema taratibu. "Sajini, hii picha inaweza kuwa imegeuzwa?"

Crain alitazama. "Namba inasomeka sawasawa. Haijageuzwa. Kwa nini?"

Verna alifungua mdomo, akamwona Brent anamtazama, akaufunga. "Nilikuwa nauliza tu."

"Basi tumemaliza," Brent alisema. "Mtie pingu, Sajini, nina watu ishirini hawajaimba. Ila nakuomba kitu kidogo. Mshushe kwa mlango wa mbele. Kamera yangu itachukua sekunde kumi tu, hazitakuumiza."

Crain alifunga daftari. Alisema saa kumi na moja kamili atamchukua Coy, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumchukua. Ilikuwa saa kumi na nusu.

Verna alirudi kwenye chumba chake, akakaa juu ya sanduku la chuma. Aliogopa, tena aliogopa vibaya. Alikuwa na miaka kumi na moja katika kazi ile, na karatasi za kunyamaza alizotia sahihi yeye zilikuwa nene kuliko za washiriki. Namna siku mbili zinavyoshonwa ziwe moja ni siri ya kipindi, na alishamwaga nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu funguo za sanduku zilikuwa mbili duniani, na mmoja uling'inia shingoni mwake. Akisema, wa kwanza kuulizwa atakuwa yeye. Asiposema, kijana wa watu atashushwa kwa pingu mbele ya mama yake na mke wake, na nchi nzima itatazama ikila.

Ukutani alimsikia Coy chumba cha pili akikohoa. Hakuwa akilia. Alikuwa anakohoa tu, kama mtu ambaye hana jingine la kufanya.

"Upuuzi huu," Verna alisema peke yake, akasimama.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano alikuwa amemwita Crain, Coy, Brent na Royce ndani ya chumba cha nguo na kuufunga mlango. Watu watano, sanduku moja, na joto la kuivisha mkate.

"Coy, simama hapa kwenye taa. Sajini, namba yake iko wapi?"

"Mfuko wa kushoto."

"Ibandue."

Crain aliibandua. Chini yake palikuwa na alama ya pasi, ya kahawia, umbo la ncha.

"Niliibandika hapo leo saa tatu asubuhi kuziba hiyo alama. Na haijahamishwa, ona gundi ilivyokauka. Sasa, kwenye kamera namba ilikuwa wapi?"

Crain alifunga macho, akayafungua. "Kulia."

"Kulia." Verna alifungua kitabu chake. "Na hii ni picha ya Juni. Juni Coy alikuja na gitaa, mkanda ukapita bega la kushoto, nikambandika kulia; leo niliona afadhali namba ihame kuliko doa lionekane. Mtu wenu wa kwenye kamera siyo Coy wa leo. Ni Coy wa Juni."

"Upuuzi," Brent alisema. "Aliihamisha halafu akairudisha."

"Aihamishe ili iweje, alama ya pasi ionekane? Kwenye kamera mfuko wa kushoto ni safi kabisa, hauna doa. Sajini aende akautazame." Verna alivua ufunguo shingoni. "Mtu asipokuwa wa maana kwa kipindi, anakuja na shati lake moja. Akiwa ameandikiwa kisa, wa kulia au wa kuchekwa, tunamnunulia shati la pili na kofia ya pili, asije akamwagikiwa kahawa. Yeye mwenyewe hajui. Ninayaandaa Juni kufuata picha, namba na kila kitu. Coy aliandikiwa kisa."

Akafungua. Shati la kijani lilikuwa limelazwa juu kabisa, namba 3116 mfuko wa kulia. Crain aligusa kola. Ilikuwa mbichi kwa jasho.

"Funguo ziko ngapi?" aliuliza.

"Mbili. Huu wangu. Mwingine wa Brent."

"Basi wewe ndiye uliyelitoa!" Brent alimnyooshea kidole. "Mnaona? Kajitaja mwenyewe!"

"Mimi?" Verna alijishika kiuno, mwanamke mfupi wa kiasi cha pipa la maji. "Royce, ulimwona mtu kama mimi kwenye korido?"

"Hapana, mama," Royce alisema. "Wewe ningekutambua."

"Na saa hiyo nilikuwa na sindano mgongoni mwa Misty. Lakini msiniamini mimi. Iaminini kofia." Akaitoa kofia nyeupe ya akiba, akaigeuza. "Hii haijawahi kuvaliwa na mtu. Niliinunua, nikaitia kwenye karatasi."

Ndani, kwenye ukanda wa paji la uso, ulizunguka mchirizi mweusi.

Crain alimtazama Coy na nywele zake nyekundu. Kisha alimtazama Brent. Brent aliinua leso kujifuta, akakumbuka, akaishusha, lakini wote walishaiona. Ilikuwa na madoa meusi.

"Bwana Lasker," Crain alisema, "mbona hujavua koti tangu nimefika?"

"Ni koti langu."

"Walinzi wa chini wanasema tangu saa nane hakushuka mtu ila Janine na waliombeba. Kilichotolewa kwenye pochi ya Janine bado kiko ghorofa hii. Naomba uvue."

Brent aliangalia mlango, na mbele ya mlango alikuwa Royce na tumbo lake. Akaangalia dirisha, akaona kitambaa cheusi alichoagiza kipigiliwe yeye mwenyewe. Akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa kinasa sauti kidogo, akakiweka mezani.

"Humu hata pa kukitupa hakuna," alisema. "Nilitaka hiki tu. Nilijua Janine atakuwa ukumbini. Nichukue, niondoke, kamera ione mshiriki mwenye hasira. Nani angeshangaa? Akarudi mapema. Akanijua hata nikiwa na kofia. Akaanza kupiga kelele."

"Ukampiga."

"Nilikuwa na dakika mbili, Sajini. Sikufikiri."

"Kuvaa shati ulifikiri."

Crain alibonyeza kitufe. Sauti ya Brent ilitoka safi, ya siku nyingine, ya kikao, yenye kicheko ndani yake: "Huyu wa kuku tunamkataa. Mwaka wake wa mwisho, mke mjamzito, hakuna kilio kizuri kama hicho. Mpigieni mama yake, mwambieni kijana amepita, alete maputo na kwaya. Nataka aangukie hapo." Kisha sauti ya Janine: "Brent, huyu ndiye bora tuliyemsikia tangu tuanze. Siyo bora wa Little Rock. Bora." Kisha Brent tena: "Ndiyo maana itauma."

Asubuhi hiyo Janine alikuwa amemwambia Brent kwamba kanda hii ataikabidhi kwa Coy mkononi. Hilo Brent alilisema mwenyewe wakati Royce akimshika na Crain akimfunga pingu. Aliomba ashushwe kwa ngazi za nyuma. Crain alikubali, kwa kuwa hakuwa mtu wa kamera.

Coy hakufurahi kama mtu aliyeokolewa. Alikaa juu ya sanduku akitazama sakafu.

"Kwa hiyo hata kabla sijaimba," alisema.

"Hata kabla, mwanangu," Verna alisema. "Samahani. Shati la pili nilinunua mimi. Nilijua maana yake, nikanyamaza."

"Kwa nini umesema leo?"

"Ulikuwa unakohoa. Nikachoka kukusikia."

Saa kumi na mbili kasoro robo simu ya ofisi ya kipindi ililia, na aliyeitwa ni Coy. Upande wa pili alikuwa mwanamke kutoka makao makuu, sauti tamu kama sharubati. Alisema hospitali imepiga simu, Janine amefumbua macho na ametaja jina la aliyempiga. Alisema pia kwamba wamesikitika mno, na kwamba Jumatatu majaji watamsikiliza tena.

"Nikiimba vizuri nitapita?" Coy aliuliza.

"Coy, umeshapita. Utaimba kwa ajili ya kamera tu. Mtu asiye na hatia anarudi jukwaani, watu watalia nchi nzima! Vaa shati lilelile."

"Na nikikataa?"

"Karatasi ulizotia sahihi zinabaki palepale. Usimwambie mtu lolote mpaka Januari. Na hapo mlangoni cheka tu, tumeshawaambia umepita."

Coy alirudisha simu mahali pake kwa upole, kama kitu cha mtu. Akabandua vipande vya gundi vilivyobaki mfukoni, alama ya pasi ikabaki wazi. Akashuka.

Verna alimfuata hadi mlango wa mbele. Nje jua la jioni lilikuwa kali bado, maputo yamelegea, kwaya imekaa kwenye nyasi na kujipepea. Walipomwona wote waliinuka kwa kelele. Darla alishika tumbo. Kamera ilimsogelea Coy mpaka karibu na pua, na kijana mmoja wa kipindi alimfanyia ishara kwa vidole kwamba acheke.

Mama yake, Opal Pruett, alikuwa amevaa nguo za kanisani tangu saa kumi alfajiri. Alimshika mwanawe mashavu yote mawili.

"Niambie kwa mdomo wako," alisema.

"Wamenikataa, mama. Walikuwa wamenikataa tangu Juni. Waliwapigia simu kuwadanganya."

Kijana wa kipindi alisema, "Kata, kata, hilo hawezi kulisema," lakini mpiga kamera hakukata. Opal alimtazama mwanawe, kisha akaitazama kamera, kisha viatu vyake vyeupe vya visigino, ambavyo watu wa kipindi walimwomba avae.

"Vinanichinja tangu asubuhi," alisema. Akamshika Coy bega, akavua kimoja, akavua cha pili, akampa avishike. "Haya, tafuta gari tulipoliacha. Darla hajala."